Sanamu inayoamka yenyewe: kutoka Halloween ya Marekani hadi kuamia mpunga

Jumamosi iliyopita kwenye kipindi cha asubuhi niligusia kwa dakika chache tu habari ya sanamu ya shambani inayojiendesha yenyewe. Simu ziliita mpaka muda ukatuishia, na wengi mliomba maelezo ya maandishi ili mbaki nayo kwenye simu zenu. Haya hapa. Yasome taratibu, na kama jirani kuna kijana anayetengeneza redio au simu, msome pamoja.

Habari yenyewe inaanzia mbali kidogo, huko Marekani.

Binamu yangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio. Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana alinitumia video fupi. Watoto watatu waliovaa vinyago wanaukaribia mlango wa nyumba. Pembeni ya mlango kuna sanamu ya mzee imekaa kwenye kiti, imevaa koti kuukuu. Watoto wanapofika hatua mbili karibu, sanamu inasimama ghafla, inainua mikono na macho yake yanawaka mwekundu. Watoto wanatawanyika kwa makelele, kisha wanarudi wakicheka.

Siku hiyo inaitwa Halloween, nayo huadhimishwa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Ni desturi iliyopelekwa Marekani na wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti, hasa katika karne ya 19. Watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na wenye nyumba hushindana kuwashtua. Sanamu za dukani ni ghali, kwa hiyo watu wengi huzitengeneza wenyewe kwa nguo za zamani, mabomba ya plastiki na mota ya waipa kutoka kwenye gari bovu. Binamu aliniambia hiyo ya kwenye video ilitengenezwa na jirani yake, na kinachoiamsha ni kibodi kidogo kuliko kiberiti.

Niliirudia video ile mara tatu. Mawazo yangu yalikuwa kwenye mpunga wa mama.

Kwa nini mpunga wa mama

Mama analima ekari moja na nusu huku kwetu bonde la Kilombero. Tangu mpunga unapoanza kujaa maziwa hadi unapovunwa, kwa karibu mwezi mzima, lazima mtu awe kwenye dungu kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Ndege wanataka mpunga, tumbili wanataka mahindi ya pembeni, na usiku nguruwe pori wanapita.

Zamani mtu huyo nilikuwa mimi. Siku hizi ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne. Kila mwaka daftari la mahudhurio linaonyesha wiki tatu au nne ambazo hakuonekana darasani, na kila mwaka mwalimu wake anamwita mama kuzungumza. Mama hana jibu lingine: mpunga ukiliwa, hakuna ada wala chakula.

Sanamu ya matambara tunasimamisha kila msimu. Siku ya kwanza ndege wanaiogopa. Siku ya tatu wanatua kwenye kofia yake.

Kinachotisha ni kile kisichotabirika

Kabla ya kufika kwenye nyaya na betri, nikukumbushe kisa cha kijana mmoja wa jirani zetu Kenya. Richard Turere ni Mmaasai wa Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 11 pale simba walipokuwa wakivamia zizi la baba yake. Kwanza alijaribu moto, ikawa kama anawamulikia simba njia. Akaweka sanamu. Usiku wa kwanza simba waliiona wakaondoka. Usiku wa pili wakagundua haisogei, wakaingia na kuua.

Siku nyingine alipokuwa akizunguka zizi na tochi, aliona simba hawakuja. Akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, sola, taa za tochi zilizoharibika na kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa ya pikipiki, akazungusha taa zile kwenye zizi zikawa zinawaka kwa kupokezana. Simba wakadhani mtu anatembea. Mwaka 2013 alikisimulia kisa hiki kwenye jukwaa la TED huko California, na dunia ikamsikia.

Shika jambo hilo moja, maana ndilo kiini cha makala hii. Mnyama au ndege haogopi sanamu kwa sababu ina sura mbaya. Anaogopa kile asichokijua kitafanya nini na lini. Akishajua, hofu imekwisha. Kidhibiti cha bei nafuu kinatusaidia hapo hapo: kinaifanya sanamu isitabirike.

Kidhibiti ni nini

Kidhibiti ni kompyuta ndogo sana. Haina kioo wala kibodi cha kuandikia. Ina miguu ya chuma: mingine unaiambia isikilize, mingine unaiambia itoe umeme. Katikati unaiwekea maagizo, nayo itayarudia usiku na mchana bila kuchoka, hata ukizima na kuwasha tena.

Kinachotumika zaidi kwa watu wa kawaida kinaitwa Arduino. Kilibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakusomea umeme. Waliokibuni waliweka wazi michoro yake, ndiyo maana viwanda vingi vinatengeneza nakala za bei ya chini. Bodi inayofaa kwa kazi yetu inaitwa Nano. Inatumia volti 5, na inapangiwa maagizo kwa waya wa USB. Ukiwa na kompyuta ni rahisi, lakini hata simu ya Android inaweza, kwa programu inayoitwa ArduinoDroid pamoja na waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi kwenye simu.

Vifaa na bei niliyolipa

Nilinunua vitu hivi kwa nyakati tofauti. Kwako bei inaweza kupanda au kushuka:

- Bodi ya Nano, nakala: shilingi 18,000
- Kihisi mwendo, madukani wanakiita sensa ya PIR: shilingi 6,000
- Relei moja ya volti 5 iliyo kwenye kibodi chake: shilingi 5,000
- Chaja ya simu ya kwenye gari, yenye tundu la USB: shilingi 5,000
- Mota ya waipa iliyotumika, volti 12: shilingi 30,000
- Nyaya, fyuzi ya ampea 10, swichi na boksi la plastiki lenye mfuniko: shilingi 12,000

Jumla ni shilingi 76,000. Betri ya volti 12 ya pikipiki na sola ya wati 10 tulikuwa navyo nyumbani. Kama huna, hapo ndipo gharama itapanda, kwa hiyo jipange mapema.

Kila kifaa kinafanya nini

Kihisi mwendo ni kile chenye kifuniko cheupe kama nusu yai. Chenyewe hakitoi mwanga wala sauti, kinapokea joto tu. Kiumbe chenye damu moto akipita mbele yake, kihisi kinaona joto limehama upande mmoja kwenda mwingine na kinatoa umeme mdogo kuiarifu bodi. Kinaona hadi mita 6 au 7 hivi. Kikishawashwa, kipe dakika moja kitulie kwanza.

Kina udhaifu wake. Ndege mdogo ana joto dogo, kwa hiyo akiwa mbali kihisi hakimwoni. Mchana wa jua kali, ardhi inapokaribia joto la mwili, hata tumbili anaweza kupita asionekane vizuri. Na majani yaliyopashwa na jua yakipeperushwa na upepo yanaweza kukidanganya. Kwa hiyo kihisi kinafaa kwa tumbili, nguruwe pori na mbuzi wa jirani. Kwa ndege tutategemea saa, si kihisi.

Relei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Kwenye gari ndiyo inayowasha honi na taa kubwa. Tunaihitaji kwa sababu mguu mmoja wa bodi unafaa kubeba kama miliampea 20 tu, umeme wa kuwasha kitaa kidogo, wakati mota ya waipa inakula ampea kadhaa. Ukiunganisha mota moja kwa moja kwenye bodi, bodi itakufa papo hapo.

Chaja ya gari inashusha volti 12 za betri kuwa volti 5 ambazo bodi inazitaka.

Jinsi ya kuunganisha

Kwanza, upande wa umeme mdogo. Chaja inaingia kwenye betri, na waya wa USB unatoka kwenye chaja kwenda kwenye bodi. Kihisi kina miguu mitatu: chanya inakwenda mguu wa 5V wa bodi, hasi inakwenda GND, na ule wa kutoa taarifa unakwenda mguu ulioandikwa D2. Relei nayo ina miguu mitatu upande mmoja: chanya kwenye 5V, hasi kwenye GND, na ule ulioandikwa IN kwenye D7.

Pili, upande wa umeme mkubwa. Kutoka chanya ya betri, waya mnene unapita kwenye swichi, kisha kwenye fyuzi, kisha unaingia kwenye tundu la relei lililoandikwa COM. Tundu lililoandikwa NO linakwenda kwenye mota. Waya mwingine wa mota unarudi kwenye hasi ya betri. Herufi NO zinamaanisha kwamba relei ikiwa imelala, njia imekatwa. Ukikosea ukatumia NC, mota itazunguka muda wote na kupumzika pale inapotakiwa kufanya kazi.

Fyuzi usiiruke. Mkono wa sanamu ukikwama kwenye tawi, mota inang'ang'ana na kuvuta umeme mwingi. Bila fyuzi, waya utashika moto katikati ya shamba lililokauka.

Maagizo ya Halloween na maagizo ya shamba

Sasa turudi Ohio kidogo. Yule jirani wa binamu aliiagiza bodi yake hivi: kihisi kikiona mtu, subiri sekunde moja ili asogee zaidi. Kisha washa mota kwa sekunde 5. Zima. Pumzika sekunde 20 ili watoto waondoke. Rudi mwanzo.

Mimi nikayachukua maagizo hayo jinsi yalivyo, nikaongeza kwamba hata kama hakuna kitu, sanamu iamke kila baada ya dakika 10 kwa ajili ya ndege. Nikaenda kwa mama nikaifunga. Siku mbili za kwanza tulishangilia. Siku ya nne mtoto wa dada akanipigia simu, anacheka: tumbili wawili wamekaa kwenye mikono ya sanamu, wanangoja ipande na kushuka kama bembea.

Kosa halikuwa la kifaa. Nilikuwa nimesahau kwamba yule mtoto wa Ohio anapita pale mlangoni mara moja kwa mwaka. Sanamu yake inahitaji kumshtua mara moja tu. Tumbili wa Kilombero yupo pale kila siku, na hana kazi nyingine zaidi ya kutusoma. Kitu kinachoamka kila dakika 10 kamili, kwa namna ileile, kwake ni saa ya ukutani.

Kwa hiyo nikaandika maagizo upya:

1. Ukiwashwa, subiri dakika moja kihisi kitulie.
2. Chagua kwa kubahatisha namba kati ya 4 na 20. Hizo ndizo dakika za kusubiri.
3. Wakati unasubiri, kagua kihisi kila sekunde.
4. Muda ukiisha, au kihisi kikiona kitu, bahatisha tena kati ya 1, 2 na 3.
5. Ikiwa 1, zungusha mota kwa sekunde 2. Ikiwa 2, zungusha mara tatu kwa mkato. Ikiwa 3, zungusha sekunde 6.
6. Pumzika nusu dakika, rudi hatua ya 2.

Kwa lugha ya Arduino, maneno makuu yanayofanya kazi hii ni matano. pinMode linaieleza bodi mguu upi usikilize na upi utoe. digitalRead linasoma kihisi. digitalWrite linawasha au kuzima relei. delay linasubirisha, nalo linahesabu kwa elfu moja ya sekunde, hivyo sekunde moja ni 1000. La tano, na kwetu ndilo muhimu kuliko yote, ni random, yaani bahatisha.

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza: bodi ikiambiwa delay ya dakika 10 mfululizo, inalala kabisa na haioni kihisi. Ndiyo maana tunaisubirisha sekunde moja moja na kukagua kila mara. Wa pili: random bila mbegu inatoa mfululizo uleule kila unapowasha. Kuna agizo linaloitwa randomSeed, yaani kupanda mbegu ya bahati. Mpe kipimo cha mguu A0 usiounganishwa na kitu, na kila asubuhi itakuwa mpya. Wa tatu: baadhi ya relei zinafanya kazi kinyume, zinawaka pale bodi inapozima. Ijaribu mezani kabla ya kuipeleka shamba. Ukisikia inalia "tik" na kubaki imewaka, badilisha tu maagizo ya kuwasha na kuzima.

Je, betri itatosha?

Tupige hesabu. Bodi, kihisi na chaja kwa pamoja kadiria miliampea 50. Kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Mota tuseme inakula ampea 3 kwa sekunde 4, mara 100 kwa siku: hiyo ni kama ampea-saa 0.33 tu. Jumla ni kama 1.5 kwa siku. Unaona ajabu yake? Kinachokula zaidi si mota yenye nguvu, ni ule umeme mdogo unaotiririka muda wote.

Betri ya ampea-saa 7 usiimalize, tumia nusu. Itakupa siku mbili bila jua. Sola ya wati 10 kwenye jua zuri inarudisha karibu nusu ampea, hivyo saa 4 za jua zinakulipa deni la siku. Weka kifaa cha kudhibiti chaji ya sola kati ya sola na betri, kile kile cha nyumbani.

Tahadhari

Mota ya waipa ni ndogo lakini gia yake ina nguvu ya kuvunja kidole cha mtoto. Izibe kwa wavu au ubao, na zima swichi kabla ya kugusa chochote. Usitumie umeme wa nyumbani wa volti 230 shambani kwa kazi hii. Boksi la bodi litazame chini, matundu ya nyaya yawe upande wa chini ili mvua isiingie. Usiweke sanamu kando ya njia ya pikipiki: dereva akishtuka usiku, madhara ni makubwa kuliko gunia la mpunga.

Na kuna wanyama ambao si wa kuchezea. Tembo au kiboko akiingia shambani, usitegemee sanamu. Toa taarifa serikali ya kijiji na maofisa wanyamapori. Vilevile kwelea kwelea wanaokuja kwa maelfu kama wingu, hao hawazuiwi na sanamu moja. Ukiwaona, piga simu kwa ofisa ugani mapema, kwa sababu kuwadhibiti ni kazi ya serikali.

Tulipofikia

Baada ya kubadilisha maagizo, tumbili waliacha bembea. Sisemi waliisha. Walianza kukaa mbali, mtini, wakitazama. Kila baada ya siku nne au tano tunaihamisha sanamu hatua thelathini na kuibadilisha shati, maana hata bahati inazoeleka.

Wala mama hakuliacha dungu. Ndege wanakula sana asubuhi na jioni, na saa hizo bado anahitajika mtu. Lakini kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri sanamu inashika zamu. Mama anashika zamu ya alfajiri, mtoto akirudi shule anashika ya jioni. Msimu uliopita alikosa siku tano za masomo badala ya wiki nne. Siku tano bado ni nyingi, nasi tunaendelea kuzipunguza.

Mwalimu wake amemwomba ailete sanamu shuleni, awaonyeshe wenzake inavyofanya kazi. Amekubali, ila kwa sharti kwamba ataifunga yeye mwenyewe nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu.

Ukijaribu kutengeneza ya kwako, tutumie ujumbe wa sauti kwenye namba ya kituo unayoijua, useme unaishi wapi, ni mnyama gani anakusumbua na nini kilikushinda. Jumamosi ijayo nitakuwa studio na fundi redio kujibu maswali yenu. Mpaka hapo, shamba jema.